Kile Kiti cha Mlangoni

"Mama, kwani bango halitoshi?" Mwanangu aliniuliza jana huku akikivuta kando kile kiti ninachokilaza mlangoni kila tunapopiga deki. Nilimwambia akirudishe. Wateja walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kumweleza.

Ilikuwa Mei ya mvua, hoteli yangu ikiwa bado kule Mwembe Tayari, Mombasa. Saa moja asubuhi, mahamri yanatoka karaini, maji yanaingia na viatu vya watu. Msichana alikuwa ndiyo kwanza amepiga deki. Bango lilikuwepo, nimeliandika kwa mkono wangu, wino mwekundu: SAKAFU IMELOWA. Nililiegemeza ukutani nikaona kazi yangu imekwisha.

Yule bibi aliingia kama kila siku, buibui amelikunja kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika bakuli lake la bati la kutilia mbaazi. Niliiona kandambili ya kushoto ikitangulia peke yake. Bakuli lilianguka kwanza. Lilizunguka sakafuni likilia, likilia, hoteli nzima imenyamaza, na lilipotulia ndipo nikamwona na yeye yuko chini, ubavu, mkono umelaliwa. Hakupiga kelele. Alisema "Yarabi" taratibu, akautoa ule mkono na kuutazama pale kiganja kinapoanzia, palipopinda pasipotakiwa kupinda. Kisha akaniuliza bakuli limekwenda wapi.

Teksi, hospitali, plasta wiki sita.

Jioni nilimpigia mpwa wangu aliye wakili, nikamwambia bango lilikuwepo. Akaniuliza, "Shangazi, alilisoma?"

Hajui kusoma. Nililijua hilo miaka yote, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliyeko Maskati.

Mpwa wangu akanifafanulia Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Mwenye mahali ana wajibu wa kuchukua tahadhari inayofaa ili mgeni awe salama katika shughuli iliyomleta. Onyo peke yake halimwondolei lawama, mpaka liwe linatosha kweli kumweka mgeni huyo salama. Mgeni huyo, si mgeni yeyote. Na mtoto, sheria inakutaka utarajie kwamba hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima. "Ana miaka mitatu ya kukushtaki," aliniambia, "na kesi hiyo mimi nisingependa kukusimamia."

Hakushtaki. Nililipa hospitali, nikalipa teksi za kliniki. Mwanawe alipiga simu, mpole kuliko nilivyostahili, akasema yamekwisha. Mpaka leo sijui nililipa kwa kuogopa mahakama au kwa kuona haya mbele ya bibi aliyenipa siri zake nimsomee. Na angekuwa mpita njia nisiyemjua, je? Natamani kusema ningelipa vilevile.

Alirudi mwezi wa nane. Alisimama nje, ameshika fremu ya mlango, bakuli kwapani.

"Mwanangu, leo pamelowa wapi?"

Nilitoka nyuma ya kaunta nikamshika mkono uleule. Mfupa ulikuwa umeungana na kuacha kifundo kidogo, nilikisikia chini ya kidole gumba changu mpaka tulipofika kwenye meza yake.