Mjumbe wa Nyumbani

Wazazi wangu hawakuwa watu wa kupigana. Walikuwa watu wa kununiana, na kwangu mimi afadhali makelele, maana makelele huisha. Wakishanuniana, mimi ndiye niliyekuwa mjumbe. "Mwambie baba yako." "Kamwambie mama yako." Wakati mwingine sote tuko chumba kimoja!

Nilikuwa na miaka 9. Jioni moja mama akanituma: "Mwambie baba yako akitaka kula ajipakulie." Nikaenda sebuleni nikasema, "Baba, mama anasema karibu chakula." Nilishazoea kulainisha maneno njiani, ukali wa huku na wa kule wote niliumwaga koridoni.

Baba akaja, akaketi, akasubiri kupakuliwa. Mama akamkazia macho. Mdogo wangu, ambaye siku hizo kola za mashati yake zote zilikuwa zimetafunwa hadi nyuzi, akaitia nyingine mdomoni.

"Si umeniita?"

"Nani kakuita?"

Wakanigeukia.

"Huyu mwanao kaanza uongo," mama akamwambia baba. "Na mwalimu wake analalamika kuwa anapiga wenzake," baba akamjibu. Ndiyo maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana tangu wanuniane. Walinisema kwa kupokezana, huyu akiishiwa mwenzake anaongezea, mpaka chakula kikapoa. Nililia sana, lakini moyoni nilikuwa nimepata nafuu. Na baba alipakuliwa.

Ukubwani nilisoma habari za Salvador Minuchin, daktari wa akili mzaliwa wa Argentina aliyetibu familia huko Marekani. Katika miaka ya 1970 alieleza jinsi wazazi wenye mgogoro wanavyoweza kuupitishia kwa mtoto: wanaungana kumkaripia au kumhangaikia, huku ugomvi wao wenyewe ukibaki palepale. Kwa nje utaona mtoto mtukutu tu. Mtoto mwenyewe anaona matunda ya utukutu wake, basi atauachaje?

Waliponuniana tena, sikungoja kutumwa. Nilichukua mpira nikaupiga kwenye dirisha la sebule. Walitoka mbio, baba kwa mlango wa mbele, mama kwa wa nyuma, na kabla hawajanifikia nikawasikia.

"Umemwona mwanao?"

"Nimemwona. Mshike upande huo."