Umeme Unapokatika Katikati ya Hesabu

Utafiti ninaoufanya baada ya shahada ya uzamivu unahusu swali moja: umeme ukikatika, programu iliyokuwa ikiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu itaikuta data yake katika hali gani itakapowashwa tena? Hapa Kigoma, ambako tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa, uzito wa swali hilo hauhitaji maelezo marefu.

RAM ya kawaida hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Kumbukumbu ya kudumu haipotezi, na prosesa huiandikia moja kwa moja bila kupitia faili. Tatizo liko kwenye kache, yaani hifadhi ndogo ya muda iliyo ndani ya prosesa, kwa sababu yaliyoandikwa hukaa humo kwanza, kisha hushushwa kwenye kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64, na si lazima yafuate mpangilio wa programu. Tuseme programu ya ushirika wa kahawa kule Kalinzi inaandika kilo alizoleta mkulima, halafu inaweka alama kwamba ingizo limekamilika. Vikiwa katika mafungu mawili tofauti, alama inaweza kutangulia kilo; umeme ukikatika hapo, tutakuta alama inayothibitisha kilo ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa. Kwenye prosesa za Intel, dawa yake ni kuamuru fungu la kilo lishushwe kwa amri ya CLWB, kufuatisha SFENCE, amri ya kizuizi inayolinda mpangilio wa uandishi, ndipo alama iandikwe.

Amri moja ikisahauliwa, kosa linaweza kujificha kwa miaka. Mafungu 20 ambayo hayajashushwa yanaweza kuacha hali tofauti zaidi ya milioni moja, kwa kuwa kila moja huenda lilifika au halikufika, na hakuna atakayechomoa waya mara zote hizo. Kwa hiyo naona hatuna budi kuthibitisha kwa hisabati.

Mwaka 1969 mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare alionyesha namna ya kuthibitisha programu kwa masharti ya kabla na ya baada, yaani yanayopaswa kuwa kweli kabla programu haijaanza na baada ya kumaliza. Kwetu sisi linahitajika sharti la tatu, la lolote linaloweza kubaki umeme ukikatika wakati wowote. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walilitumia sharti la aina hiyo mwaka 2015 kuthibitisha mfumo wa faili wa FSCQ. Kwenye kumbukumbu ya kudumu kazi ni ngumu zaidi, maana thamani inayosomwa na programu na ile iliyokwisha kuhifadhiwa zinaweza kutofautiana, na uthibitisho lazima uzifuatilie zote mbili.

Intel ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na Optane, kumbukumbu yake ya kudumu, na wapo wanaoniuliza kama utafiti huu bado una maana. Unayo, kwa sababu mpangilio wa uandishi utaisumbua kumbukumbu yoyote ya kudumu iliyo nyuma ya kache inayopoteza data umeme ukikatika.

Kwa sasa nashughulikia programu ya urejeshaji, ile inayokagua data umeme unaporudi. Nayo inaandika, na umeme unaweza kukatika tena kabla haijamaliza. Kwa hiyo inanibidi kuthibitisha kwamba ikianzishwa upya, hata mara nyingi mfululizo, itafikia matokeo yale yale.