Taima ya pampu na fundi aliyesema chipu imekufa

Nimechoka kuambiwa "chipu imekufa". Chipu ya 555, ile ya kupimia muda, inauzwa tangu 1972 na haifi ovyo. Taima niliyoiunda ya kupandisha maji darini ilikuwa nzima mchana: nabonyeza kitufe, pampu inanguruma, baada ya dakika nane na nusu hivi rilei, ile swichi inayowasha na kuzima pampu, inalia tak, kimya. Ikiingia magharibi haizimi. Tangi likafurika mpaka uani kwa jirani, Bi mkubwa mmoja, akaniita dirishani: "Mwanangu, mvua yako hii itakatika saa ngapi?"

Fundi wa redio akaniuzia chipu. Ikagoma. Akaniuzia nyingine, kisha akahamia kwenye kapasita, kile kidude kinachotunza umeme. Kwake kila kitu kibovu isipokuwa ushauri wake.

Nikakaa na mita yangu ya bei poa. Muda wa taima ni 1.1 mara rezista (kizuizi kinachoupitisha umeme polepole kuijaza kapasita) mara kapasita. Nimeweka megaomu 1 na maikrofaradi 470. Kapasita ikishajaa hadi theluthi mbili ya umeme wa saketi, yaani volti 8 kati ya 12, chipu inakata. Nikabana waya za mita kwenye kapasita: ikapanda, ikapanda, volti 6, ikaganda. Na hiyo ilikuwa adhuhuri, wakati taima haina ugonjwa! Nilicheka peke yangu. Mita nyingi za bei hiyo zina ukinzani wa megaomu 1 ndani, sawa na rezista yangu, basi viwili hivyo vinagawana umeme nusu kwa nusu. Mita yenyewe ndiyo iliyoishika taima. Nikabadili mbinu: naiacha saketi ijiendee, halafu nagusa mara moja, nasoma upesi, natoa. Usiku, hata baada ya robo saa, ni volti saba na kidogo tu.

Kapasita ikifika volti 8, rezista ile imebakiwa na volti 4 na inapitisha maikroampia 4 tu, kwa hiyo hata mvujo mdogo wa umeme unatosha kuharibu mambo. Na Lamu chumvi iko hewani. Bodi ilikuwa karibu na dirisha la baharini. Nikaimulika tochi ubavuni: ukungu mweupe umetanda kati ya njia za shaba, umeshikana na mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu), na kingo zimeanza kuota kijani. Mchana vikikauka havina neno. Jioni vikinyonya unyevu, vinapitisha umeme.

Chomoa pampu ukutani kwanza, kwenye rilei kuna umeme wa nyumba. Nikasugua kwa mswaki mkuukuu na spiriti, nikaanika juani, nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu, ile isiyo na rangi, bila kugusa soketi ya chipu. Tangu hapo inazima hata usiku wa manane. Chipu "zilizokufa" nimezichomeka zote moja moja, zote nzima. Spiriti ilikuwa shilingi mia na kitu. Ya rangi ya kucha bado tunabishana.