Kibadilisha Gia cha Mwaka 1978

Bianchi ile ya mbio, yenye rangi ya samawati inayokaribia kijani ambayo kampuni hiyo imeifanya kuwa alama yake, ilikuwa imetundikwa katika stoo iliyo chini ya nyumba niliyopanga chumba mjini Vicenza, kaskazini mwa Italia, na tangu mwenyewe afariki hakuna aliyeigusa. Mjane wake, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu, alikuwa amenisikia nikisema kwamba baba yangu ni fundi baiskeli huko Iringa. Jioni moja ya mwezi wa Novemba akanishusha ngazi hadi stoo, akawasha taa na kusema: "Mjukuu wangu anataka kwenda nayo Gaiole mwaka ujao. Dukani wananiambia nimnunulie mpya. Wewe unaonaje, mwanangu?"

Gaiole ni mji mdogo wa Chianti, mkoani Toscana, ambako tangu mwaka 1997 hufanyika safari ya baiskeli za zamani iitwayo L'Eroica, kwenye barabara nyeupe za changarawe zinazopita kati ya mashamba ya mizabibu. Masharti yake si mengi: baiskeli iwe ya mbio na iwe imetengenezwa mwaka 1987 au kabla ya hapo, vijiti vya kubadilishia gia viwe kwenye bomba la chini la fremu, pedali ziwe na vishikio vya vidole pamoja na mikanda yake, na waya za breki zitokeze nje na kupinda hewani juu ya usukani badala ya kufichwa chini ya utepe. Nilipoitazama baiskeli ya marehemu niliona kwamba haikosi hata sharti moja. Ilichokosa ni kutembea.

Nilimjibu Signora, kwani ndivyo nilivyomwita siku zote, kwamba nitajaribu. Kwetu Iringa baiskeli hutengenezwa ili kesho asubuhi ibebe gunia, hivyo kipuri cha Raleigh hufungwa kwenye Phoenix bila mtu kuuliza asili yake, na baba yangu akikosa nati inayofaa huipanua iliyopo. Kazi ya kuirudisha baiskeli katika zama zake ni kazi ya namna nyingine kabisa, na nilijifunza sehemu kubwa yake kwa mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, aliyeniazima spana zake kwa sharti kwamba nisibadilishe kitu chochote kabla hajakiona.

Nilianza na nguzo ya kiti, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu. Nguzo ni ya aluminiamu na fremu ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu kwa miaka mingi hushikana kana kwamba zimechomelewa. Mafuta ya kupenyeza yakimiminwa kwa juu huishia kwenye mdomo wa bomba tu. Kwa hiyo niliondoa krenki, yaani mikono inayoshika pedali, na ekseli yake, nikaigeuza fremu juu chini, nikamimina mafuta kupitia uwazi wa ekseli ili yateremke hadi ilipo nguzo, nikayaacha yafanye kazi wiki nzima nikiongeza kila jioni. Ilipokubali kuzunguka ilitoa mlio uliomfanya Signora ashuke ngazi kutazama kama nimeumia. Kipenyo chake kilikuwa milimita 27.2, kipimo cha kawaida cha fremu za mabomba ya Columbus ya enzi hizo, nayo ikarudi mahali pake baada ya kusafishwa na kupakwa grisi.

Kabla ya hapo lakini, wakati wa kufungua ekseli, nilimpigia simu baba. Alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza swali moja tu: "Kikombe cha kulia umekifungua kwa upande gani?" Vikombe ni vile viwili vinavyofungwa kwa uzi wa skrubu kwenye uwazi wa ekseli ya krenki, kimoja kila upande, na kushikilia gololi zake. Katika baiskeli za mfumo wa Kiingereza, zikiwemo Raleigh alizozitengeneza maisha yake yote, kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, kinyume cha nati nyingine nyingi, na kijana anayejifunza kazi huadhibiwa kwa kukisahau hicho. Waitalia hawakufuata utaratibu huo. Uwazi wao una kipenyo cha milimita 36, upana wa milimita 70, na pande zote mbili hufunguliwa kushoto. Nilipomweleza, baba alicheka na kusema kwamba basi hicho cha kulia lazima kiwe kinalegea chenyewe barabarani. Alikuwa sahihi, na hajawahi kuishika baiskeli ya Kiitaliano mkononi mwake. Ndiyo maana mafundi wa huko hukikaza kwa spana ndefu na kwa uzito wa mwili mzima.

Krenki zilikuwa za Campagnolo, aina ya Nuovo Record, ambayo kiwanda hicho cha hapo hapo Vicenza, kilichoanzishwa na Tullio Campagnolo mwaka 1933, kilianza kuiuza katika miaka ya 1960. Nilizioshea mafuta ya taa na kuzichunguza kwa kioo cha kukuzia kwenye pembe ile ambapo mkono wa krenki unaungana na matawi yanayoshika meno, kwa kuwa ndipo aina hii hupata nyufa nyembamba. Sikuona ufa. Mzee jirani alinishauri nizisugue kwa dawa ya kung'arisha mpaka mtu ajione sura, nami nilikataa kwa adabu. Aluminiamu ile ilitoka kiwandani ikiwa na ngozi ya kinga iliyofifia kidogo, na anayeisugua huiondoa ngozi hiyo ili apate mng'ao ambao haukuwepo. Kwa sababu hiyo hiyo nilikataa wazo la kupaka fremu rangi upya. Rangi ya Bianchi imekuwa ikibadilika kidogo kidogo miaka yote, mara ikivuta samawati, mara ikivuta kijani, na kopo la leo haliwezi kurudisha ile ya wakati ule. Palipomenyeka niliondoa kutu kwa mkono na kupaka nta.

Mwaka wa baiskeli niliupata kwenye habu za magurudumu. Campagnolo walikuwa wakipiga muhuri wa mwaka kwenye nati za kufungia ekseli, na niliposafisha weusi wa grisi iliyokauka nilisoma CAM 74, mbele na nyuma. Signora alithibitisha bila kusita: mumewe aliinunua mwaka uliofuata ushindi wa Felice Gimondi kule Barcelona, alipotwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 1973 akiwa juu ya Bianchi, na nusu ya wanaume wa mtaa ule walitaka baiskeli ya rangi hiyo. Kila kitu kilipatana. Gololi za nyuma zilikuwa za robo inchi, tisa kila upande, na zile ndogo zaidi za mbele zilikuwa bado zinang'aa, kwa sababu habu hizo zina tundu la mafuta katikati, lililofunikwa kwa kibanio cha chuma, na marehemu bila shaka alilitumia.

Kisha nikakigeuza kibadilisha gia cha nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Vile vya Nuovo Record vina neno PATENT lililochongwa kwenye mwili wa juu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 neno hilo hufuatiwa na tarakimu za mwaka. Hiki kilisomeka PATENT-78.

Mzee jirani alivua miwani, akaivaa tena, akatoa hukumu: kipuri hicho si cha baiskeli hii, kitafutwe cha mwaka 1974. Kwa watu wa fani hiyo hilo si jambo dogo. Baiskeli ambayo vipuri vyake vyote vina umri mmoja huhesabiwa kuwa kamili, na iliyochanganyika huulizwa maswali. Nilifuata ushauri wake. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi kuna soko la vitu vya kale huko Piazzola sul Brenta, kuzunguka kasri la Villa Contarini, na miongoni mwa wauza saa, vyungu na viti vya mbao hukaa watu wenye masanduku ya vipuri vya baiskeli: breki za Universal, usukani wa Cinelli, pampu za Silca, friwili za Regina zenye meno yaliyochongoka kwa kutumika. Nilipekua masanduku hayo majira yote ya baridi, vidole vikiganda, nikivigeuza vibadilisha gia kimoja kimoja kutazama mgongo wake. Wauzaji walinizoea. Hatimaye nilipata chenye 74, springi yake ikiwa hai na magurudumu yake madogo hayajalika, nikalipa fedha nyingi kuliko nilivyomwambia baba.

Siku ya kukifunga ndipo jambo lilipogeuka. Sikio la fremu, yaani kile kipande cha chuma kinachoteremka nyuma ya ekseli na kushika kibadilisha gia, halikuwa limenyooka sawasawa. Lilikuwa limewahi kupinda kuelekea kwenye spoku, kisha likanyooshwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi, na alama za jiriwa zilikuwa bado zinaonekana chini ya rangi iliyopakwa kwa brashi ndogo. Nikalichukua gurudumu la nyuma na kulitazama kwa makini ambayo sikuwa nimelipa mwanzo. Upande wa friwili, spoku kadhaa zilikuwa na vichwa vya aina tofauti na zilizobaki. Mtu yeyote aliyekaa karakanani huijua habari hiyo: kibadilisha gia kiliingia ndani ya spoku wakati gurudumu linazunguka, kikavunjika, kikapinda sikio, kikakata spoku.

Nilipanda ngazi na kumuuliza Signora kama mumewe aliwahi kupata ajali. Akasema si ajali, ila kuna Jumapili moja mumewe alichelewa kurudi kutoka uwanda wa juu wa Asiago hadi yeye Signora akawapigia simu rafiki wote wa mumewe. Mumewe aliingia usiku, mikono myeusi, akaeleza kwamba gia imevunjika njiani, kwamba amefupisha cheni na kuifunga kwenye gia moja tu, na kwamba amekanyaga hivyo hivyo hadi nyumbani, hapa akishuka na pale akisukuma. Keshokutwa yake alinunua kipuri kipya. Mwaka huo Signora aliukumbuka kwa sababu binti yao alizaliwa majira ya baridi yaliyofuata.

Nilirudi stoo na vibadilisha gia viwili mkononi. Mzee jirani alishikilia msimamo wake, na hoja yake ina uzito: anayetaka kuona Bianchi ilivyotoka kiwandani mwaka 1974 ana haki ya kuona kipuri cha mwaka huo, vinginevyo kila mtu atafunga anachotaka na kukitungia hadithi. Lakini hii haikuwa hadithi ya kutungwa. Ushahidi wake ulikuwa kwenye sikio, kwenye spoku na kwenye tarakimu zenyewe, vitatu vikisema mamoja, na kufunga kile cha 1974 kungeyaacha makovu mawili yale bila sababu. Isitoshe, vyote viwili ni Nuovo Record, vinafanya kazi kwa namna moja, na hakuna atakayehisi tofauti mguuni. Kwangu, kipuri cha zama zake ni kile ambacho baiskeli hiyo ilikivaa ikiwa bado kazini. Nilikifunga cha 1978.

Mengine yalikwenda upesi. Waya, mpira wa breki, matairi ya kubandika kwa gundi na cheni nilivinunua vipya, kwa maana vitu vinavyolinda shingo ya mtu havistahili kuwa vya kale, na usukani nikauzungushia utepe wa pamba. Meno madogo ya mbele yalikuwa 41, ndiyo machache kabisa yanayokubalika kwenye krenki hizo, na nyuma nikaweka friwili ya hadi meno 26. Nilimwonya mjukuu kwamba kwa vilima vya Chianti hiyo ni gia nzito. Alinijibu kwamba babu yake hakuwa na nyingine.

Oktoba tulikwenda Gaiole pamoja, yeye na baiskeli, mimi na begi la spana. Mkaguzi alitazama vijiti vya gia, pedali na waya za breki, akapiga kengele ya baiskeli ya mtu wa nyuma na kutuambia tupite. Nyuma ya kibadilisha gia hakutazama. Kijana aliikamilisha njia fupi, akashuka na kusukuma kwenye mwinuko mmoja wa changarawe alioupanda vibaya, na kikombe cha kulia kilianza kulegea jioni, kama baba alivyotabiri.

Kile cha 1974 nilikirudisha Piazzola Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Nilikiuza kwa pungufu kidogo kwa mtu aliyekuwa na fremu ya mwaka huo isiyo na kitu nyuma, ambaye alikigeuza na kusoma tarakimu kabla hata ya kunisalimu.