Mabano mawili mawili

Mwaka 2017 ofisi yetu ndogo ya Kinondoni ilihamishia tovuti ya mteja kwenye seva mpya, kutoka PHP 5 kwenda PHP 7, matoleo ya lugha ya programu iliyoandikia tovuti hiyo. Waombaji kazi walikuwa wakitumia tovuti hiyo kutuma vyeti vyao vya PDF. Asubuhi yake mwenye ofisi akaniita. "Mwanangu, hebu njoo. Haya maandishi ya Kizungu huku juu ndio virusi?"

"Hapana, Mama, ni notisi, onyo dogo tu la programu."

PHP ilikuwa inalalamika kwamba kinachopaswa kupitishwa kwa rejea, yaani kitu chenyewe na si nakala yake, ni kigeu tu (jina linalohifadhi thamani). Seva mpya ilikuwa inaonyesha makosa hadharani, na mstari ule ukawa unatangulia vichwa vya HTTP, yale maelekezo ambayo kivinjari lazima kiyapate kabla ya maandishi yoyote. Basi mtu akituma cheti hapelekwi ukurasa unaofuata. Anabaki palepale, anabonyeza tena, na folda inajaa vyeti vya watu walewale.

Chanzo chake hiki hapa: end((explode('.', $jina))). Kazi yake kuchukua herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili. explode() inakata jina vipande na kurudisha orodha. End() inasogeza kishale kilicho ndani ya orodha mpaka mwisho, kwa hiyo inadai orodha yenyewe, kama afisa ardhi anayetaka hati halisi agonge muhuri wakati wewe umemletea kopi. Hapa orodha haikuwekwa kwenye kigeu chochote. Hakuna halisi ya kumpa.

"Kaka, weka @ mbele inyamaze, twende tukale," akasema mwenzangu.

Mimi nilikuwa nimeganda kwenye yale mabano. Kwa nini mawili? Nilidhani kidole kiliteleza. Kumbe aliyeandika kabla yetu alikuwa mjanja: kwenye PHP 5 mabano ya ziada yalikuwa yanaliziba onyo hilo mdomo. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, ikaifuta hila hiyo, na onyo lenyewe likapandishwa kutoka E_STRICT, daraja la maonyo ambalo seva nyingi zilikuwa zimelizima, likawa notisi kamili.

@ niliikataa. Ingenyamazisha hata kosa la kesho kwenye mstari uleule. Nikaandika pathinfo($jina, PATHINFO_EXTENSION), inayotoa herufi zilezile na isiyohitaji rejea yoyote, Mama akajaribu kutuma cheti chake mwenyewe, kikaenda.

Chakula tulichelewa. Tulikuwa tunasaka mabano mawili mawili kwenye faili zilizobaki, na yule bwana alikuwa ameyapenda kweli.