Maji ya jicho

Nilianza kujifunza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, kwa ubishi tu, nikidhani nitakicheka wiki moja kisha nikiache. Zamenhof, aliyekibuni, alikitoa mwaka 1887. Neno lililoninasa ni malsanulejo, yaani hospitali. Lipasue: san- ni uzima, mal- inageuza maana kuwa kinyume, -ul- ni mtu, -ej- ni mahali, na -o mwishoni inakuambia hili ni nomino. Mahali pa watu wasio wazima! Sisi tunaosema piga, pigana, pigishana bila hata kufikiri hatukupaswa kushangaa, lakini mimi nilishangaa.

Halafu nikakutana na John Wilkins. Mwingereza huyu, mwaka 1668, alitoa kitabu cha lugha aliyoibuni mwenyewe, akitaka kila herufi ibebe maana yake: De ni elementi, Deb ni moto, Deba ni mwali. Kwenye karatasi inapendeza. Shida ni kwamba vitu vya jamii moja vinapewa majina yanayokaribia kuwa pacha, na herufi moja ikiteleza umeshasema kitu kingine. Naye aliteleza, humo humo kitabuni mwake: ua la tulipu likawa shayiri. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Toki Pona, lugha aliyoibuni Sonja Lang (2001), imepita njia nyingine kabisa: maneno kama 120 tu. Telo ni maji, ni mchuzi, ni kimiminika chochote. Jana nilitaka kuandika "machozi", nikaunda telo oko, maji ya jicho. Nikajisifu. Nilipoisoma tena leo, nikaona huenda nimeandika dawa ya macho.