Jiwe la nkambo toka Kambove

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha biolojia, Katuba, Lubumbashi, hapa Katanga ya Kongo, nilifika kwenye somo la viumbe wa kale nikiwa na chaki na mchoro wa dinozori nilouchora mwenyewe ubaoni, shingo ndefu, mkia mrefu. Watoto waliupenda sana. Afu kijana mmoja wa bange, yaani benchi, ya nyuma, wale wa kukaa kimya wiki nzima halafu wanauliza swali moja tu, akasimama: "Mwalimu, na shi ku Katanga? Bantu banachimba hapa miaka yote, mashimo mukubwa vile, mbona habakutosha hata mufupa moja ya iyi nyama?"

Klasi nzima ikageuka kuniangalia. Swali zuri sana, maana pembeni yetu wamepata. Kule Tanzania, Tendaguru karibu na Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 wakatoa mifupa ya dinozori mrefu ambae leo amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin. Na hapo Zambia, ukivuka Kasumbalesa ukafuata barabara ya Lusaka unafika Kabwe, wachimbaji wa mgodi walikuta fuvu la binadamu wa kale mwaka 1921, na hilo fuvu mpaka leo liko London na Zambia imekuwa ikilidai lirudi nyumbani. Sasa sie wenye migodi kila kona tuna nini? Nikawaambia jibu lipo ila linataka somo zima na linataka jiwe. Mwenye jiwe lolote la mgodini nyumbani alilete.

Kesho yake msichana mmoja akaja na jiwe limefungwa kwenye kitenge, zito, la kijivu, limejaa vitundu-vitundu. Akasema ni la nkambo yake, yaani babu yake, alitumika mgodini Kambove mu sondaje, wale wa kutoboa ardhi na kutoa bakaroti, vile vipande virefu vya mawe ya chini. Nililigeuza upande lilikovunjika nikaona mistari myembamba imelala moja juu ya mwingine, na yote imepinda kwenda juu kama mgongo wa mkate. Moyo ulinienda mbio. Jioni nikalipeleka kwa rafiki yangu wa jeoloji pale chuo kikuu, akalilowesha maji, akaliangalia kwa lenzi, akasema ndio, stromatoliti, jiwe la tabaka zilizojengwa na bakteria wa kale. Nikamtuma yule msichana aniombee kwa nkambo yake, kama afya inaruhusu, aje mwenyewe klasi.

Akaja. Koti, kofia, viatu vimepakwa rangi, na mjukuu wake nyuma kabeba kifuko na mawe mengine. Watoto wote wakasimama, "Jambo nkambo!", nae akawaitikia mmoja mmoja karibu klasi nzima, nikaona saa inaenda lakini ungemkatizaje mzee vile. Akapanga mawe matatu juu ya meza. "Iyi ya chini iko na shaba. Iyi ya yulu iko na shaba. Iyi ya katikati njo R.S.C., roches siliceuses cellulaires, iko nguvu, iko na mashimo-mashimo, shaba mingi haina. Shi tulikuwa tunatafuta ya chini na ya yulu, iyi tulikuwa tunapita."

Nikamshukuru, nikamwambia nkambo, hii mliokuwa mnaipita ndo nimekuitia, hii ndo ilijengwa na vitu vyenye uhai.

Nikaeleza. Hapa palikuwa bahari ya maji mafupi, jua linafika mpaka chini. Kwenye sakafu yake walitanda bakteria wadogo mno, hata kwa jicho humuoni mmoja, wanatengeneza kama utando unaonata, wanakula mwanga wa jua. Vumbi la tope na chokaa linawaangukia, wanafunikwa, wanapanda juu kutafuta mwanga, wanatanda tena, wanafunikwa tena, na kila mara tabaka linabaki chini yao linakuwa jiwe. Mstari juu ya mstari. Na wa aina hiyo, mabilioni ya miaka, ndo waliojaza hewa ya dunia oksijeni tunayovuta, kazi kubwa kuliko ya dinozori yeyote. Tukamwagia jiwe maji, mistari ikatoka wazi, wakapita wakiweka kidole. Nilitaka kila mmoja aguse. Picha ya kitabu haifanyi hivo, na naamini hivo mpaka leo, mtoto wa mjini kwetu akiona uhai wa kale ni wa Ulaya na Marekani tu anaona na elimu yenyewe ni ya kwao.

Yule wa bange ya nyuma bado. "Na mufupa?"

Tukatoka nje. Nilikuwa nimeazima uzi wa fundi wa nyumba, tukaunyoosha mita 46 kando ya ukuta wa shule, kila mita moja miaka milioni 100. Mwisho wa kule dunia inazaliwa, mwisho wa huku ni leo. Mmoja akasimama mita kama 35 toka leo, stromatoliti za kale za Australia. Nkambo nikamsimamisha na jiwe lake karibu mita ya 8, maana mawe yetu ya shaba yana kama miaka milioni 800. Dinozori wakaanza mita 2 na sentimita 30 hivi, wakaishia sentimita 66. Yule wa Kabwe, milimita 3, ukucha tu. Kijana akaangalia nafasi kati ya nkambo na dinozori, akatembea ile nafasi yote polepole, akarudi: "Kumbe mufupa ilikuwa haiyaanza." Njo jibu lenyewe. Mawe yale yalishakuwa mawe kabla mnyama yeyote hajawa na mfupa wala gamba, utachimba mpaka uchoke. Na hapo katikati, nikawaambia, palipita zama za barafu, barafu kweli, ikaburuta mawe ikayaacha hapa Katanga, na nkambo akadakia kwa sauti, "Grand conglo!", lile jiwe lililochanganyika mawe makubwa na madogo alilolitoboa miaka yake yote bila mtu kumwambia lilitoka wapi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Afu akaniuliza hao wadudu bado wako hai popote? Wako, nikamwambia, Australia kuna ghuba maarufu kwa hilo, ila hata ziwa letu la Tanganyika, kwenye maji ya pembeni, zimepatikana stromatoliti. Akanyamaza kidogo, akasema ana mdogo wake Kalemie mvuvi, atamuuliza.

Prefe, mkuu wa shule, alikuwa ametoka ofisini kuuliza makelele ya nini, watoto wakamvuta kwenye uzi, wote wanaeleza kwa pamoja, nikawaacha.

Wakati wa kuondoka nkambo akasema mawe yabaki shule. Nikataka kuyaweka kwenye kabati, akanizuia. "Apana mwalimu. Karoti bila karatasi ni jiwe ya barabara. Bataiona kesho, habatayua ilitoka wapi." Akakaa chini tena, akamwita yule kijana alete kaye, daftari lake, akaanza kumsomea taratibu: Kambove, R.S.C., katikati ya shaba ya chini na shaba ya juu. Kijana akaandika, nkambo akaisoma, akamwambia ongeza, tabaka zinaangalia juu, uchore na mshale.